Naomba ushauri: sindano ya steroidi ndani ya sikio kwa mlio usiokoma

Habari zenu ndugu zangu. Sikio langu la kulia lina mlio mwembamba kama wa nyenje, na usiku ndipo unanitesa hasa. Ulianza ghafla, pamoja na usikivu kupungua upande huohuo. Nimemeza prednisoloni (vidonge vya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe) hadi dozi ikaisha. Usikivu umerudi kidogo, mlio uko palepale. Sasa daktari anapendekeza kunichoma deksamethasoni, steroidi nyingine, kupitia ngoma ya sikio, kisha nilale sikio likiwa juu kwa kama dakika 30, bila kumeza mate. Amesema wazi kwamba sindano inalenga zaidi usikivu, na nisichelewe.

Mliochomwa, mlio wenyewe ulipungua au usikivu tu? Na kizunguzungu baada ya sindano kilidumu muda gani?