Kutathmini timu za chuo kidogo na fedha zake: tuanzie wapi? (Mtwara)

MwanaShangani

Wakuu, salaam. Chuo ni kidogo, kiko Mtwara mjini, wanafunzi 900. Kamati ya watu watano imepewa wiki sita ipitie timu za chuo na fedha zake, kisha ishauri zipi zibaki, zipi zipumzishwe, na kama mchango wa michezo wa 15,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka uongezwe.

Timu za mashindano ni nne: soka wanaume (18), netiboli (12), wavu wanaume (12), kikapu wanaume (10). Safari kubwa ni moja tu, ya TUSA, mashindano ya michezo ya vyuo vikuu. Tuchukulie mashindano yako Dodoma. Msafara ni watu 60 pamoja na viongozi 8, basi moja, chakula siku 8 kwa 15,000 kwa kichwa kwa siku, kulala njiani usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi kwa 10,000.

Uongozi unauliza tija. Serikali ya wanafunzi inauliza medali. Vitabu vina mstari mmoja, "Michezo 13,500,000", miaka mitatu haujabadilika hata shilingi. Tupime nini, na mitego iko wapi?

Mhasibu_Ligula

Mstari usiobadilika miaka mitatu si matumizi, ni bajeti iliyonakiliwa. Zidisha 900 kwa 15,000 utapata hiyo 13,500,000. Yaani mtu kaandika kinachotarajiwa kuingia akakiita kilichotumika. Wekeni pembeni, ombeni leja yenyewe pamoja na hati za malipo, mzipitie moja moja.

Mtakuta pesa ya michezo imetawanyika. Dizeli na posho ya dereva ziko kwenye kasma (fungu la bajeti) ya usafiri. Kufyeka uwanja kuko kwenye mazingira, bandeji na dawa ya kuchua kwenye zahanati, mshahara wa mlezi wa michezo kwenye utumishi. Kama mlezi nusu ya muda wake anafundisha darasani, beba nusu ya mshahara, si wote. Halafu kalenda: kama mwaka wenu wa fedha ni Julai hadi Juni, jezi zilizonunuliwa Juni na safari ya Desemba iliyozitumia zinaangukia miaka miwili tofauti, na mwaka mmoja utaonekana wa hasara bure. Chagueni mwaka wa masomo au wa fedha, mbaki nao.

Sasa safari. Mtwara hadi Dodoma kupitia Dar ni kama kilomita 1,000, kwenda na kurudi 2,000. Basi kubwa likila lita moja kwa kilomita 3 ni lita 667. Ongeza kama asilimia 10 za mizunguko ya mjini, jumla 730 hivi. Lita ikiwa 3,000 ni kama 2,200,000. Bei msibuni: EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mtwara ina bei yake kwa sababu ya bandari. Chakula 60 × 8 × 15,000 ni 7,200,000. Kulala 60 × 2 × 10,000 ni 1,200,000. Jumla 10,600,000 kabla ya ada ya ushiriki, jezi na dharura.

Kwa hiyo karibu asilimia 79 ya mchango wote inakwenda kwa wachezaji 52, chini ya asilimia 6 ya waliochanga. Hapo ndipo kamati ianzie mazungumzo.

Na hiyo 13,500,000 yenyewe haiji kwa mkupuo. Kwetu huku mzazi analipa minada ya korosho ikishapita na hela ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ikishaingia. Angalieni tarehe za stakabadhi: kama mwisho wa Novemba mmekusanya nusu, mna 6,750,000 mkononi na safari ya 10,600,000 mlangoni. Pengo hilo huzibwa kwa kukopa kasma nyingine "tutarudisha", na halirudishwi. Tafuteni uhamisho wa namna hiyo kwenye leja. Mara nyingi ndiko deni lilikolala.

Kocha_Chikongola

Mhasibu kamaliza upande wa pesa, mimi niongeze upande wa watu.

Hesabuni mara mbili: nafasi na watu. Wachezaji wa wavu na kikapu hupishana. Kijana mrefu mmoja yuko kote kuwili. Orodha zenu zinasema 52, ila mkizipitisha kwa namba za usajili za wanafunzi mnaweza kukuta watu 46. Tena angalieni jinsia: nafasi za wasichana ni 12 kati ya 52, asilimia 23. Kama nusu ya wanaolipa mchango ni wasichana, hilo peke yake ni hoja, halihitaji medali.

Medali ni kipimo kibovu kwa chuo cha watu 900. Droo ikikupanga na chuo chenye wanafunzi maelfu, umetolewa hatua ya makundi, na hiyo haisemi lolote kuhusu kazi ya mwaka mzima. Chukueni daftari la mazoezi. Kama halipo, andikeni kwenye ripoti kwamba halipo; hayo ni matokeo ya tathmini. Kama lipo, tazameni vipindi vingapi vilipangwa, vingapi vilifanyika, wastani wa waliohudhuria. Timu iliyofanya vipindi 9 kati ya 40 halafu ikapanda basi kwenda Dodoma ni safari ya matembezi. Ongezeni majeruhi (vifundo na magoti, hasa wanaoruka kwenye sakafu mbovu) na mitihani ya marudio, mkilinganisha wachezaji na wenzao wa kozi hiyohiyo, si na chuo kizima.

Kuna mtego mmoja wa gharama kwa kichwa. Tuseme mnapeleka netiboli na wavu tu: wachezaji 24, viongozi 4, Coaster. Coaster inakwenda kilomita 5 kwa lita, hivyo lita 400, na ziada 440, ni 1,320,000. Chakula 3,360,000. Kulala 560,000. Jumla 5,240,000, nusu ya ile ya kwanza. Lakini gawanya kwa wachezaji: msafara mkubwa ni kama 204,000 kwa mchezaji, mdogo ni 218,000. Mtu akija na kipimo hicho peke yake atawaambia msafara mkubwa una "ufanisi". Wakati huohuo ule mdogo unaingia ndani ya 6,750,000 za Novemba na mkubwa hauingii.

Zile lita 440 ni safari kumi za kwenda Lindi na kurudi siku hiyohiyo, kwa kilomita 110 kwenda. Wapinzani wako jirani: vyuo vya ualimu vya hapa Mtwara, Kitangali na Nachingwea, VETA, timu za mitaa. Timu ikicheza mechi kumi kwa mwaka inajengeka kuliko inayocheza tatu za makundi.

Mhasibu_Ligula

Kocha, nakubali, ila hizo safari kumi zina chakula pia. Watu 28, sahani na maji 5,000, ni 140,000 kila safari juu ya dizeli ya 132,000. Kumi ni 2,720,000. Bado nafuu, lakini si bure.

Na niliyasahau masurufu. Kwa kawaida hela ya safari inatoka kwa jina la mlezi kama masurufu, yaani hela ya kutangulizwa ambayo lazima irejeshewe hesabu, na hapo ndipo ukaguzi unapokwama. Mama lishe wa njiani hana mashine ya EFD (ya risiti za kodi), risiti hakuna, mlezi anarudi na karatasi za daftari. Dawa yake ni kutenganisha: chakula cha kituoni kilipwe kwa mzabuni mmoja mwenye EFD, cha njiani kiwe posho ya kusainiwa. Kisha chukueni orodha tatu za safari moja: ya usajili wa mashindano, ya posho, na ya abiria wa basi. Majina lazima yafanane. Yakizidi kwenye posho, ulizeni. Tazameni pia saini. Majina ishirini kwa mwandiko mmoja yanaonekana hata bila miwani. Masurufu ambayo hayajarejeshwa yasifuatwe na mengine kwa mtu huyohuyo.

Dharura wekeni siku mbili za chakula. Mei 2024 mvua zilikata barabara ya Dar upande wa Somanga, magari yakalala huko. Bajeti isiyo na siku hizo mbili inamfanya mlezi akope kwa wanafunzi.

FundiMsijute

Mkiokoa hela ya safari, msiitawanye kwenye jezi. Jengeni sakafu moja ya michezo mitatu. Netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, na pembeni inataka nafasi ya mita 3 kila upande, kwa hiyo sakafu ni 37 kwa 22. Kikapu (28 kwa 15) na wavu (18 kwa 9) vinaingia humohumo, kila mchezo na rangi yake ya mistari. Mhimili mrefu uelekee kaskazini na kusini; mazoezi ni saa kumi jioni, na jua likiwa machoni mwa mlinda goli wa netiboli hakuna mazoezi hapo.

Unene sentimita 10 ni zege mita za ujazo 81.4. Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unakula kama mifuko 6.5 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani 530 hivi. Mfuko ukiwa 15,000 ni karibu milioni 8 za saruji pekee, kabla ya kokoto, mchanga, nyavu za chuma na ufundi. Angalau saruji haisafiri, kiwanda cha Dangote kiko hapa Msijute. Mwaka mmoja hautoshi. Mwageni kwa vipande vya mita 3 hadi 4, mkiacha viungo, mmalize kwa misimu miwili au mitatu. Vipande hivyo mnavihitaji hata hela ikiwepo yote, kwa sababu zege lisilo na viungo litajikatia lenyewe, na nyufa hazifuati mistari ya uwanja.

Mchanga wa ufukweni hapana, hata ukipewa bure. Chumvi yake inakula nyavu, chuma kinavimba, sakafu inabanduka vigae vigae. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita kuelekea upande mmoja, maji yasilale. Mwagilieni siku 7 asubuhi na jioni, funikeni kwa magunia. Jua letu na upepo wa bahari vinakausha zege kabla halijashika. Nguzo ziwe za mabomba yenye zinki. Bomba jeusi lililopakwa rangi litaanza kulika pale linapoingia kwenye zege, na hutaona mpaka liegemewe.

Msomaji_Lindi

Uongozi ukisema "tufanye kama Marekani, michezo ijilipe", wapeni picha yenyewe. Kule, kwa sheria ya 1994, vyuo vya mseto (wanawake na wanaume) vyenye timu za mashindano ambavyo wanafunzi wake wanapata msaada wa fedha wa serikali kuu hutoa taarifa kila mwaka: washiriki wa kike na wa kiume, mapato, matumizi. Fomu inatenganisha nafasi na watu, kama alivyosema Kocha. Vyuo vidogo vya daraja la tatu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya kule, haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Hesabu yao haiko kwenye tiketi: mchezaji amekuja chuoni kwa sababu ya timu, na analipa ada. Timu ya watu 30 ni ada 30 ambazo pengine zingekwenda kwingine.

Hesabu hiyo kwetu ijaribiwe, isikopwe. Waulizeni mwaka wa kwanza swali moja kwenye fomu: ungekuja hapa kama timu zisingekuwepo? Wakisema hapana watatu kati ya 300, tija ya namna hiyo hakuna, na michezo ibebwe kama huduma kwa mwanafunzi, sawa na maktaba au zahanati. Hakuna anayeuliza maktaba imeingiza shilingi ngapi.

MwanaShangani

Shukrani wakuu, leja tunaiomba kesho. Kinachobaki ni soka. Ripoti ikisema soka libaki nyumbani, wanafunzi watawaka. Mnashaurije?

Kocha_Chikongola

Usiandike kwamba soka linabaki nyumbani. Andika kwamba linahamia kwenye ligi ya ndani, uweke na ratiba yake kwenye kiambatisho siku hiyohiyo. Timu sita za kozi au mwaka wa masomo, kila moja icheze na kila nyingine mara moja, ni mechi 15. Waamuzi watatu kwa 10,000 kila mmoja ni 450,000 msimu mzima. Mipira minne, bips (vizibao vya mazoezi) za rangi mbili badala ya jezi sita, chokaa ya mistari. Kila timu watu 18, wachezaji 108, kwa hela isiyofika dizeli ya basi. Ile timu ya chuo ichaguliwe humo, icheze Lindi na Masasi.

Msiianze Desemba, mvua itaiharibu na uwanja mtauchimba kwa njumu. Mei na Juni panafaa: mvua imekatika, mitihani bado.