Kambi ya skauti siku saba, joto linatabiriwa 38 hadi 40. Niahirishe au twende? Naombeni ushauri

Kiongozi_Hema

Habari zenu wakuu. Naongoza kundi la skauti, vijana 32 wa kike na wa kiume, miaka 11 hadi 16. Baada ya siku tisa tunaondoka kwenda kambini wiki nzima. Fomu za wazazi zimesainiwa, mahema yako tayari, vijana wanahesabu siku. Sasa utabiri unasema mchana joto litakuwa 38 hadi 40, na usiku halitashuka sana.

Kinachoninyima usingizi ni cha mwaka jana. Kambi ilikuwa ya siku tatu, joto 35. Siku ya pili kijana mmoja wa miaka 13 aligoma kubeba kuni. Akanijibu ovyo, akakaa chini. Nikamgombeza mbele ya wenzake kwamba anakwepa zamu. Baada ya dakika chache nikamuuliza kiongozi wa kikundi chake ni nani, akashindwa kunitajia. Kiongozi huyo ni kaka yake wa kuzaliwa. Hapo ndipo nikashtuka. Tulimmwagia maji, tukamkimbiza hospitali, akapona. Lakini nilikuwa nimemfokea mtoto mgonjwa, na mwaka huu amejiandikisha tena.

Kiongozi mwenzangu anasema kambi ni ya kujenga ukakamavu, twende tu. Mzazi mmoja anataka tuahirishe. Nipeni mawazo, hasa mliowahi kulala kambini kwenye joto la namna hii.

Mzee_wa_Mafundo

Mdogo wangu, usiahirishe. Nina miaka 26 kwenye skauti. Tangu Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowachukua wavulana kama 20 akawapeleka kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, skauti imekuwa maisha ya nje. Joto ni sehemu ya kambi, kama mvua ilivyo. Wape maji ya kutosha na kofia, basi.

Muuguzi_wa_Zamu

Shikamoo mzee. Hapo kwenye "maji ya kutosha, basi" naomba nitofautiane nawe kwa heshima, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea.

Maji peke yake hayamkingi mtoto. Anayechimba, anayekimbia au anayebeba kuni anazalisha joto kwenye misuli yake mwenyewe, na njia kuu ya kulitoa ni jasho. Ila jasho kutoka tu halipozi mwili. Linapoza linapokauka juu ya ngozi. Siku yenye unyevu mwingi hewani jasho linachuruzika bila kukauka, kwa hiyo joto la 34 lenye unyevu linaweza kuwa baya kuliko la 38 kavu. Ndiyo maana wanaosimamia michezo na kazi za nje hutumia kipimo cha WBGT, kinachojumlisha unyevu, jua na joto la hewa, na unyevu ndio una uzito mkubwa zaidi humo. Kiongozi_Hema, usiangalie ile namba moja ya kwenye simu ukaridhika.

Sasa kuhusu yule kijana wako. Kuchoka, kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma na jasho jingi ni uchovu wa joto. Mlaze kivulini, mlegeze nguo, mnyanyue miguu, anywe kidogo kidogo. Lakini mtoto akianza kuwa mkali bila sababu, kujibu vitu visivyoeleweka, kuyumba au kusahau majina, usisubiri kipimajoto. Hicho ni kiharusi cha joto hadi ithibitike vinginevyo: mwili umefika 40 au zaidi na ubongo umeanza kuvurugika. Na msidanganywe na ile habari kwamba lazima ngozi iwe kavu. Aliyekuwa akifanya kazi anaweza kuwa ameloa jasho chapachapa na bado ni kiharusi cha joto.

Hapo mmoja anapiga simu ya dharura, wengine wanaanza kumpoza palepale. Poza kwanza, safirisha baadaye. Dakika 30 za mwanzo ndizo zinazoamua. Njia bora ni kumtumbukiza kwenye beseni kubwa au karai la maji baridi hadi kifuani, mtu mmoja ameshika kichwa chake muda wote. Kama hakuna, mwagieni maji mwili mzima bila kukoma huku mkimpepea, na barafu muiweke kwapani, kinenani na shingoni. Mtu aliyechanganyikiwa asinyweshwe chochote, atapaliwa. Na usimpe panadol, haishushi joto la aina hii.

Kuhusu kunywa: kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20 wakati wa kazi, wala wasizidishe lita moja na nusu kwa saa. Mtoto anayelazimishwa maji matupu siku nzima chumvi ya damu inashuka, naye anaumwa kichwa na kutapika vilevile, na hilo nalo linaua. Wawe wanakula vizuri, na muwe na pakiti za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msizidishe chumvi.

Ramani_na_Dira

Mnakumbuka Jambori ya Dunia, ile kambi kuu ya skauti wa nchi zote, ya 2023 kule Saemangeum, Korea Kusini? Vijana zaidi ya 40,000, eneo ni ardhi iliyotwaliwa baharini, tambarare, miti ya kuhesabu. Mamia waliugua kwa joto ndani ya siku chache. Uingereza na Marekani wakawaondoa watu wao mapema, kisha kimbunga Khanun kikawalazimu wote waliobaki kuhama. Ilikuwa kambi iliyoandaliwa kwa miaka. Mkuu, kabla hujauliza kama vijana wataweza, uliza uwanja wako una kivuli kiasi gani.

Dada_Skafu

Kiongozi, naongeza jambo ambalo viongozi wa kiume huwa hawaambiwi. Wasichana wengi kambini hawanywi maji kwa makusudi. Choo kiko mbali, hakina mlango wa maana, usiku kuna giza, kwa hiyo binti anaamua kubana. Unaweza kugawa maji kwa filimbi kila dakika 20 na bado ukawa na mabinti wanane wanaomwaga chini ukigeuka. Anza na choo. Kiwe karibu, kifungwe, kiwe na taa, na wawe na ruhusa ya kwenda wawili wawili bila kuomba. Kisha bandika humo karatasi ya rangi za mkojo, kila mtu ajipime mwenyewe. Wa njano iliyoiva anajua la kufanya bila kuaibishwa mstarini.

Na hizo sare, tafadhali. Shati jepesi pana na skafu iliyoloweshwa maji shingoni vinatosha. Gwaride la bendera lifanyike kukiwa bado na ubaridi, na liwe fupi.

Jikoni_Daima

Mimi ni wa jikoni tu. Joto likipita 32, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa moja. Pikeni kidogo kidogo. Mtoto anayeharisha kwenye joto hilo maji yanamwisha haraka mno. Na mpishi naye ni binadamu, ana jua juu na moto mbele. Mpeni zamu fupi.

Kiongozi_Hema

Asanteni sana wote. Muuguzi, nimesoma maelezo yako mara tatu, na nimetambua kwamba mwaka jana tulimpakia kijana kwenye gari kabla ya kumpoza vya kutosha. Dada_Skafu, sikuwahi kulifikiria hilo la choo hata siku moja.

Uwanja wetu una miti upande mmoja tu. Nimewaza ratiba hivi: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kazi zote nzito ziishe saa nne, kuanzia hapo hadi saa kumi jioni wakae kivulini wakijifunza mafundo ya kamba, ramani na huduma ya kwanza, kisha michezo jioni. Matembezi ya kilomita 15 nimeyafuta. Nimewaambia waanze sasa hivi kutembea kidogo nyakati za joto ili miili izoee. Kuna kingine?

Muuguzi_wa_Zamu

Kuzoea joto kunachukua wiki moja hadi mbili, kwa hiyo siku tisa zitasaidia ila usizitegemee kabisa. Siku za mwanzo za kambi ziwe nyepesi kuliko zote. Rudia fomu za afya: nani ana selimundu, pumu, kisukari, nani aliumwa au kuharisha wiki hiyo, nani anatumia dawa. Baadhi ya dawa za mzio na za utulivu wa akili hupunguza jasho au kuongeza joto. Mzazi aulizwe ana kwa ana, kwenye fomu wengi huandika "hakuna". Na aliyewahi kupata kiharusi cha joto, kama kijana wako, daktari amwone kwanza kabla hajaruhusiwa.

Ramani_na_Dira

Mimi nina swali moja. Hali ikiharibika, nani ana mamlaka ya kusema kambi imekwisha? Kama jibu ni "tutakaa tujadiliane", hamtafunga. Kule kambini kuna ada zilizolipwa, kuna watoto wanaolia hawataki kuondoka, na kuna yule mwenzako wa ukakamavu. Andikeni leo, mkiwa mmetulia: joto likifika hapa tunasimamisha ratiba, likifika pale tunarudi nyumbani. Taja mtu mmoja anayeamua, na asiwe wewe mwenye kambi. Mtumieni kila mzazi karatasi hiyo. Usafiri uwe tayari tangu siku ya kwanza.

Mzee_wa_Mafundo

Nimesoma yote. Binti yangu muuguzi, marahaba, umenifunza. Sikujua kwamba anayetoka jasho anaweza kuwa na kiharusi cha joto, na nimekumbuka vijana wawili watatu niliowaambia waache uvivu.

Mdogo wangu, hilo la kivuli ndilo ninaloliweza. Kivuli kinahama. Nenda uwanjani mapema, ukae kutwa. Piga vijiti mahali kivuli kilipo saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri. Utashangaa: mahali pazuri asubuhi ndipo panapoungua saa tisa, na saa tisa ndipo joto huwa kali. Kwenye kivuli cha alasiri weka sehemu ya mapumziko, sio stoo. Turubai lifungwe juu ya hema likiwa limeachana nalo, upepo upite katikati, na hema lenyewe lifunguliwe pande zote mbili. Mtu asilale mchana ndani ya hema lililo juani, ni tanuri. Ile kofia pana ya Baden-Powell haikuwa pambo, irudisheni.

Kiongozi_Hema

MREJESHO

Wakuu, tumerudi. Tulikwenda, na hatukumaliza siku saba.

Kikomo tulichoandika kilikuwa 40. Siku ya tatu ilifika 38, tukasimamisha kila kitu saa tatu na nusu badala ya saa nne. Siku ya nne jioni utabiri wa kesho yake ukasema 41. Dada tuliyempa mamlaka akanionyesha karatasi yenye sahihi yangu, akasema tunafunga alfajiri. Mwenzangu wa ukakamavu alianza kubisha, akaona na sahihi yake iko pale, akaenda kukunja mahema. Vijana walilia. Kufikia saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye basi.

Beseni la maji baridi lilikaa kivulini siku zote nne bila kutumika. Uchovu wa joto tulipata wawili, wote wakapata nafuu kwa kivuli na ORS. Choo tulikisogeza, tukaweka taa, na ile karatasi ya rangi za mkojo ikawa mada ya kambi nzima.

Yule kijana daktari alimruhusu kwa sharti la kazi nyepesi. Kabla ya kuondoka nilimwomba radhi mbele ya kundi lote, kwa kuwa nilimgombeza mbele yao. Hakusema kitu. Siku ya pili mchana akanifuata pembeni akaniambia, "Kiongozi, mwenzangu hajakojoa tangu asubuhi na amenikasirikia bure." Huyo ndiye mmoja wa wale wawili. Alikuwa bado anatembea, anacheka na wengine, nami nilikuwa nimempita mara mbili bila kuona chochote.

Dada_Skafu

Kiongozi, huyo kijana mpe ukiongozi wa kikundi.

Kiongozi_Hema

Nimeshaongea na kaka yake. Anampisha mwezi ujao.