Naomba ushauri: natafuta gramafoni na visanduku vya muziki vya kale

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nasimamia hoteli ndogo Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya kale ya mawe na chokaa. Mwenye nyumba anataka ukumbi wa chini uwekwe ala za muziki za zamani zinazoendeshwa kwa springi, si umeme. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono ndiyo ya kwanza, maana Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri zake zilisikilizwa kwa mashine za namna hiyo. Natamani pia kisanduku cha muziki cha Uswisi, kile chenye silinda ya vijipini vinavyogusa meno ya kitana cha chuma.

Ila nimeshaingizwa mjini mara moja. Nililetewa gramafoni ya pembe ya shaba, inang'aa kama sufuria mpya, na nembo ya mbwa juu. Kufungua sanduku, mbao mbichi, skrubu mpya, na springi ikakatika kabla santuri haijafika nusu. Fundi alinicheka: hizo huungwaungwa India kwa ajili ya watalii.

Sasa, nyinyi mkikagua mashine mnaanzia wapi? Kuna fundi wa springi Unguja, Mombasa au Dar? Na hewa hii ya chumvi, nizifungie kwenye kabati la kioo au nizipe upepo? Si lazima zote zilie, lakini walau moja ipige santuri wageni wakinywa kahawa. Bei nitajieni ya kweli, hata kama inauma.