Tupeane uzoefu: kubadili gia za transfa kwenye Land Rover 110 na 109 kwa njia zetu za milima

Mnyalu_Ipogolo
Kamwene wakuu. 110 ya injini ya 300Tdi ikishika lami ya Makambako kwenda Igawa inalia kama mashine ya kusaga, na kila anayelalamika anapewa jibu moja: "Funga transfa ya Discovery," yaani lile boksi linalogawa nguvu ya gia boksi kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Jibu ni la kweli, ila limekatwa mkia. Tuweke hapa kazi yenyewe ilivyo: gia zipi, nini kihamishwe kutoka boksi la zamani, na wapi watu wanaharibikiwa, ili mtu wa Ludewa au Ileje asije mjini kununua chuma asichokijua.

Naanza na hesabu. Transfa ni LT230, familia moja kwa Defender na Discovery ya kwanza. Defender za Tdi zina uwiano wa 1.410 kwenye H (mwendo wa kawaida), Discovery 1.222. One Ten za mwanzo za silinda nne zilikuja na 1.667. L (ya mwendo mdogo na nguvu kubwa) ni 3.32 kwenye hiyo ya 1.410 na kwenye hiyo ya 1.222, kwa hiyo anayekwambia utapoteza L anakosea. Kwa tairi za 7.50-16 na gia boksi ya R380, ukiwa spidi 90 gia ya tano, injini inazunguka kama mara 2350 kwa dakika na boksi la 1.410. Ukiwa na la 1.222 inashuka mpaka kama 2040. 300Tdi inavuta vizuri kuliko kote kwenye mizunguko 1800, kwa hiyo 2040 bado ni mahali pazuri.

Usangu_Tambarare
Naunga mkono. Igawa mpaka Chimala utadhani umepanda gari nyingine.

Fundi_Mafiati
Mkuu Mnyalu, hesabu yako ni safi lakini ni ya tambarare. Huku tunaanzia mita 1700 juu ya bahari, na Kitulo ni zaidi ya 2500. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Mwenye 110 ya dizeli 2.5 isiyo na tabo asiguse 1.222 kabisa, gia ya tano itakuwa ya mapambo.

Na hata mwenye Tdi apige hesabu ya gia ya kwanza, asiishie ya tano. Kwanza ya R380 ya Defender ni 3.69, difu ni 3.54. Ukizidisha na 1.410 unapata 18.4, ukizidisha na 1.222 unapata 16. Ukiondoka na tani ya viazi kutoka Isyonje kwenye tope, hiyo tofauti yote inakwenda kwenye klachi. Utaisikia harufu yake kabla hujamaliza kona ya pili. Dawa ni kuondokea L gia ya pili au ya tatu, lakini madereva wetu wangapi wanagusa ule mkono mfupi wa transfa kabla gari haijazama? Gari ya mizigo ya Makete na Kikondo ibaki na 1.410. Ya safari za Iringa na Dar, weka 1.222.

Dada_Tukuyu
Kaka Fundi, basi tuwekee na jinsi ya kufunga. Watu wanasema ni kazi ya kutoa boksi na kurudisha boksi.

Fundi_Mafiati
Ni kutoa na kurudisha, dada, ila kuna vitu vinavyobaki na boksi la zamani na hapo ndipo penye tabu.

Kabla ya yote, tia vizuizi kwenye magurudumu yote manne. Hendibreki ya LT230 ni ngoma iliyo nyuma ya transfa, inashika propela ya nyuma, haishiki magurudumu. Ukishafungua propela hiyo huna hendibreki. Na hata propela ikiwepo, ukinyanyua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia lile lingine lizunguke na gari inaondoka. Kuna watu wamefinywa hivyo.

Legeza nati ya kujazia oili KABLA ya ile ya kumwagia. Ikikataa kufunguka baada ya kumwaga, unabaki na boksi tupu. Weka alama ya rangi kwenye flenji za propela ili zirudi zilivyokuwa. Nati zake ni spana ya 9/16, za milimita zitazila pembe. Chomoa kebo ya spidi, kebo ya hendibreki, waya wa taa ya difu loki (inayofunga propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja), na fito za mkono wa H na L. Tegemeza gia boksi kwa jeki na ubao kabla hujagusa maunting za nyuma. Ukiishusha kidogo upate nafasi, mtu mmoja aende mbele aangalie feni isiguse kava lake na paipu zisivutwe.

Kutoa ni kwa kuvuta nyuma moja kwa moja. Boksi lisining'inie kwenye shafti ya gia boksi hata dakika moja. Wakati wa kurudisha, tengeneza studi ndefu mbili zenye uzi uleule wa bolti zake, zifunge kwenye gia boksi, kisha telezesha transfa juu yake. Bila studi watu watatu watahangaika, na sili mpya ya katikati ya maboksi mawili itachanika mdomo bila kuonekana. Utaijua baada ya wiki mbili, transfa imeshajaa oili ya gia boksi au gia boksi imejaa ya transfa.

Sasa vinavyohama kutoka boksi la zamani: sehemu ya nyuma inayoshika kebo ya spidi, breki ya ngoma yote na sahani yake, na nyumba ya mkono wa H na L, kwa sababu fito za Discovery zimepangwa tofauti. Spidi inasomwa upande wa kutokea, baada ya gia, kwa hiyo ukihamisha ya kwako itaendelea kusema kweli. Oili ni 80W-90, lita mbili na nusu hivi, jaza mpaka ichuruzike kwenye tundu gari ikiwa sawa. Usimimine hiyo kwenye gia boksi. Gia boksi ya LT77 inakunywa ATF (oili ya gia boksi za otomatiki), R380 ina oili yake nyepesi.

Kyela_Kokoa
Ndaga fijo, Fundi. Hii ya nati ya kujazia peke yake ina thamani ya siku nzima ya kazi.

Bonde_Chimala
Fundi amepita haraka kwenye fito za H na L, na hapo ndipo gari zinapoua.

Iko 110 pikapu iliyofungwa boksi la Discovery, mkono wa zamani ukalazimishwa kwa kukunja fito kwa moto. Kwenye lami haikuonyesha ubaya wowote. Ikapelekwa Matamba kubeba viazi, gunia kumi, ikaanza kushuka Hamsini na Saba, ile njia ya kona 57 ya kwenda Chimala. Mnaoijua njia ile mnajua: kona juu ya kona, ukuta upande mmoja, Usangu yote iko chini yako upande wa pili. Dereva alifanya alichofundishwa, akaweka L gia ya pili, akaachia mguu. Kona chache za mwanzo ikamshika vizuri. Kisha ukasikika mlio kama wa mtu anayekanyaga kijiti kikavu, na injini ikanyamaza ikabaki saileni, inazunguka bila kuvuta. Mkono ulikuwa umeruka katikati. Gari yenye tani moja mgongoni haina tena injini ya kuishika.

Akajaribu kurudisha L ikitembea. Meno yakasaga tu. Akajaribu H, hivyo hivyo. Breki ya mguu ikashika kona mbili, ya tatu pedo ikaanza kwenda chini na moshi wa pedi za breki ukatoka magurudumu ya mbele. Alichookoa ni kuwahi kuamua: akaliingiza gurudumu la kushoto kwenye mtaro wa upande wa mlima kabla ya kona inayofuata. Fimbo ya usukani ikapinda kama upinde, rimu ikapasuka, viazi vikamwagika mpaka kona ya chini. Watu wote walitoka salama.

Boksi lilipofunguliwa fito, ule mshikio wa transfa ulisukumwa kwa vidole ukaenda mbele milimita nane zaidi. Maana yake mkono ulikuwa unagota kwenye boksi la viti kabla meno hayajaingia yote. Ukipanda, meno yanasukumwa upande mmoja na yanang'ang'ania. Ukishuka mzigo unayasukuma upande wa pili, na meno yaliyoshika ncha tu yanaruka. Ndiyo sababu lami ya Chimala haikuonyesha kitu.

Kupima ni kazi ya robo saa. Chomoa fito kwenye transfa. Sukuma mshikio kwa mkono mpaka mwisho wa L, weka mkono wa ndani ya gari kwenye L, kisha rekebisha urefu wa fito mpaka pini iingie yenyewe bila kulazimishwa. Rudia kwenye H. Halafu angalia mkono haugusi bati wala kava la raba upande wowote. Maunting zikizeeka boksi linazama na kipimo kinapotea, kwa hiyo raba mpya kwanza, kipimo baadaye.

Tosamaganga_Dizeli
Pole yake. Lakini hendibreki angeivuta mapema yasingefika huko.

Fundi_Mafiati
Mkuu, hapana. Ngoma ile ni ya kuegeshea. Ukiivuta gari ikikimbia na mzigo, kishindo chote kinakwenda kwenye propela, difu na ekseli za nyuma. Ekseli ikikatika huna tena hata hiyo hendibreki.

Tosamaganga_Dizeli
Na asipoivuta ana nini? Ekseli inauzwa dukani, mtu hauzwi. Tia difu loki, vuta kidogo kidogo, ngoma ishirikiane na magurudumu manne.

Fundi_Mafiati
Hapo kwenye difu loki nakubaliana nawe. Kwenye kuvuta bado sikubali. Difu loki iingizwe juu kabisa kabla ya kuanza kushuka njia ya vumbi au tope, isisubiri balaa.

Bonde_Chimala
Wazee, kipimo cha fito kikifanywa hakuna anayefika kwenye mabishano hayo.

Mkonga_Mufindi
Jamani, si mnunue mkonga tu. Land Cruiser ya 70 ukiwa H transfa ni moja kwa moja, haina gia ya kubadili wala fito za kukunja.

Mnyalu_Ipogolo
Mkuu, uzi ni wa Land Rover. Na kwa kuwa H yako ni moja kwa moja, ukitaka kubadili mizunguko lazima ubadili gia za difu mbele na nyuma. Ni kazi kubwa kuliko hii yetu.

Mkonga_Mufindi
Sawa, kweli. Nimekaa.

Mzee_109_Njombe
Nyie vijana mmesahau 109, ile ya kabla ya 110. Seriesi III ina H 1.148 na L 2.35, difu 4.7. Huko watu hawabadili transfa, wanaweka difu za 3.54 za 110 mbele na nyuma. Lazima zote mbili. Ukibadili moja, ukitia 4x4 kwenye sehemu kavu kitu kitavunjika.

Kuna mambo matatu hayasemwi. Kwanza, spidi inadanganya: inasoma kwenye transfa, na difu sasa ni ya kasi zaidi, kwa hiyo ikionyesha 60 unakwenda karibu 80. Pili, hendibreki iko kabla ya difu, nguvu yake ya kushika inapungua robo nzima. Gari iliyokuwa inasimama vizuri kwenye kilima cha Njombe mjini itaanza kuteleza hata kama ngoma ni mpya. Tatu, L nayo inapungua nguvu kwa kiasi hicho hicho, tofauti na hao wa LT230 ambao L yao haiguswi. Kwa dizeli ya 2.25 na mlima, naona ni makosa. Ovadraivu ya Fairey ni bora, inakaa nyuma ya transfa, kwa mizunguko ileile inaongeza mwendo kwa zaidi ya robo kidogo, na ukifika mlimani unaitoa kwa mkono. Iangalie oili yake mara kwa mara, inabeba kidogo sana na ikikauka inakufa.

Suzuki_Kikondo
Sisi wa Suzuki Samurai transfa iko peke yake, haijashikana na gia boksi, inashuka asubuhi inapanda mchana. H 1.409, L 2.268. Ya SJ410 ni 1.580 na 2.511. Ila zikague raba tatu zinazoishikilia, zikichoka propela fupi inapiga.

Ileje_Spea
Swali kwa Fundi: boksi limelala sakafuni sokoni, namba imefutika, muuzaji anaapa ni la Discovery. Nitajuaje?

Fundi_Mafiati
Usisikilize kiapo, zungusha. Ingiza difu loki, weka H, zungusha gia ya kuingilia mizunguko kumi kamili huku mwenzako anahesabu flenji ya nyuma. Ikizunguka saba na chembe ni 1.410. Nane na kidogo ni 1.222. Sita kamili ni 1.667. Karibu kumi ni 1.003 ya V8, iache hapo hapo. Usipotia difu loki flenji moja inaweza kusimama na nyingine ikaenda mara mbili, hesabu itakupotosha.

Ukimaliza kuhesabu, tia kidole ndani ya ile gia ya kuingilia upapase meno ya ndani. Yakiwa na ngazi, au makali kama kisu, au kuna unga mwekundu wa kutu, gia imekauka. Tafuta yenye kitundu cha kupitishia oili kwenye meno. Na shafti ya gia boksi yako uikague vilevile, gia mpya juu ya shafti iliyolika haifiki Tunduma mara tatu. Baadhi ya maboksi ya Discovery 2 hayana difu loki ndani wala mahali pa kebo ya spidi. Kama hakuna shafti ya difu loki inayotokeza, rudisha mkono mfukoni.

Ileje_Spea
Asante mkuu. Na uvujaji wa mbele, chini ya shafti ya kati?

Fundi_Mafiati
Ni raba za duara za shafti ya kati, moja kila mwisho. Zibadilishe boksi likiwa chini. Silikoni ya nje haisaidii. Baada ya kilomita 500 kaza nati za propela tena na uangalie oili ya transfa na ya gia boksi siku moja. Moja ikiwa imepanda na nyingine imeshuka, ile sili ya katikati ilichanika wakati wa kufunga.