Mota ya dishi ya bei ya chini: setelaiti za pembeni hazishiki. Kosa ni la mota au la ufungaji?

dishi90
Habari wakuu. Dishi ni la bati, sm 90, kwenye mota ya DiSEqC 1.2 (inaamriwa na risiva kupitia kebo ile ile) yenye USALS (risiva inakokotoa yenyewe setelaiti iko wapi kutokana na mahali ulipo), ile aina ya bei ya chini iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inabeba hadi sm 100. Kebo ni mita 30 kutoka risiva. Setelaiti ya katikati inashika vizuri muda wote. Za mbali mashariki na magharibi zinakuja na ubora mdogo au hazionekani kabisa. Halafu dishi likitoka mbali kurudi katikati, mara nyingine linasimama kando kidogo ya lilipokuwa. Upepo ukivuma ndiyo balaa. Mota hizi ndivyo zilivyo, au kuna cha kurekebisha kabla ya kununua nyingine?

nguzo_wima
Mkuu, hapo kuna matatizo mawili yamechanganyika. Kukosa pembeni huku katikati ipo, karibu kila mara ni ufungaji. Kutorudi pale pale ni mota, au kitu kilicholegea karibu nayo. Maliza la kwanza kabla hujagusa la pili.

Anza na nguzo. Weka pima maji pande mbili zinazokatana kwa nyuzi 90, siyo upande mmoja tu. Dishi la sm 90 kwenye Ku (bendi ya masafa ya madishi madogo) lina mwale wa upana wa nyuzi 2 hivi, maana yake ukikosea nyuzi 1 umeshapoteza nusu ya nguvu ya mawimbi. Nguzo iliyoinama haikudhuru sana katikati, kwa sababu pale umeshaifidia ulipokuwa unaseti. Inakuumbua pembeni.

Kisha rudisha mota kwenye sifuri kwa risiva au kwa vitufe vyake, na uhakikishe kwa macho kwamba mshale uko kwenye 0. Weka latitudo ya mahali ulipo kwenye skeli ya mota. Mwinamo wa dishi hausetiwi kama dishi la kawaida: unachukua pembe ya kipindo cha bomba la mota (kuna za 30, 35 na 40, soma kitabu chake) unatoa marekebisho ya latitudo. Marekebisho hayo ni nyuzi 1.8 kwa latitudo 10, nyuzi 5 kwa latitudo 30, na 7.3 kwa latitudo 50. Skeli ya dishi lenyewe usiiamini sana, bati likipinda kidogo tu inadanganya.

Sasa jaribio la mkono. Nenda setelaiti ya mbali mashariki, shika ukingo wa juu wa dishi, uvute nyuma taratibu, halafu usukume mbele, huku mwenzako anaangalia ubora. Ukivuta nyuma ubora ukapanda, dishi linatazama chini mno. Rudia magharibi. Pande zote mbili zikitaka mwelekeo mmoja, kosa liko kwenye latitudo ya mota au mwinamo wa dishi. Upande mmoja ukitaka juu na mwingine chini, mota haijaelekea kaskazini au kusini halisi: legeza vibano vya nguzo, izungushe mota nzima kuelekea upande unaotaka juu, kwa robo ya nyuzi kila mara. Dira peke yake haitoshi, kwa sababu kaskazini ya sumaku siyo kaskazini ya kweli, na chuma cha nguzo kinaivuta sindano.

kebo75
Naongeza upande wa umeme, maana mota nyingi zinatupwa bila kosa. Mota ndogo ikizunguka inakula kama mA 200, ikianza au ikielemewa inaweza kufika 400 na zaidi. LNB (kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi) nayo inakula hapo hapo. Risiva nyingi kikomo chake ni mA 400 hadi 500. Pengo ni dogo sana.

Kebo ya RG6 (aina ya kawaida ya kebo ya dishi) yenye waya wa kati wa chuma uliopakwa shaba ina ukinzani wa omu 9 hivi kwa mita 100 kwenye ule waya wa kati peke yake. Ya shaba tupu ni kama omu 2. Kwa mita zako 30, ukijumlisha na wavu wa nje, ya chuma inakula zaidi ya volti 1 mota ikivuta mA 400, na ya shaba nusu yake au chini ya hapo. Ukiwa kwenye chaneli ya wima (inayokuja kwa mawimbi ya wima, V kwenye risiva), risiva inatoa volti 13. Toa hiyo moja, toa na kutu ya konekta, mota inasitasita katikati ya safari. Jaribu kuhamisha dishi ukiwa kwenye chaneli ya mlalo (H), yenye volti 18. Ikienda bila shida hapo na kukwama kwenye 13, usinunue mota, nunua kebo. Konekta za F zielekee chini, ufunge mkanda wa mpira, na kebo ining'inie kitanzi kabla ya kuingia ili maji yadondoke nje.

meno_ya_gia
Hiyo ya kutorudi pale pale ina sababu tatu, na zinatofautishwa bila kufungua kitu.

Chora mstari wa kalamu isiyofutika ukivuka bomba la mota na kibano cha dishi, na mwingine ukivuka nguzo na kibano cha mota. Mistari ikiachana, dishi linateleza. Kaza bolti, basi.

Mistari ikibaki sawa, tuma mota kwenye sifuri. Mshale usipofika 0, mota imepoteza hesabu. Ndani kuna sumaku na kihisi kinachohesabu mizunguko. Kihisi kikichoka au mota ikigonga mwisho wa safari, hesabu inahama, na setelaiti zote zinakosewa kwa kiasi kile kile. Iseti upya sifuri. Ikirudia baada ya siku chache, kihisi kimekufa.

Ya tatu ndiyo ugonjwa halisi wa mota za bei ya chini: ulegevu wa gia. Fika setelaiti moja ukitokea mashariki, kisha ukitokea magharibi. Ubora ukitofautiana, meno yana nafasi. Sukuma ukingo wa dishi kushoto na kulia kwa kidole: likicheza nyuzi 1 bila mota kunguruma, umepata jibu, na upepo wako umeeleweka. Grisi haizibi nafasi. Baadhi zina skrubu za kusogeza gia, nyingi hazina. Gia za plastiki zikishaliwa hazina tiba.

dishi90
Asanteni sana. Latitudo yenyewe ni chini ya 10. Inabadilisha chochote? Na mota kubwa zaidi itasaidia?

nguzo_wima
Inabadilisha sana. Mhimili wa mota unalala sambamba na mhimili wa dunia, kwa hiyo karibu na ikweta uko karibu mlalo. Dishi likienda pembeni uzito wake wote unavuta meno ya gia. Kwenye latitudo za juu mhimili umesimama zaidi na sehemu kubwa ya uzito inabebwa na beringi. Ile "sm 100" ya boksini usiihesabu kwa dishi la bati. Chukua mota ya sm 120, au weka dishi la alumini la sm 80. Kabla ya kulipa angalia skeli ya latitudo, baadhi hazishuki hadi huko. Kwenye USALS hakikisha herufi ya kusini au kaskazini ni sahihi, na latitudo iko kwa desimali kama risiva inataka desimali.

Upepo wa mita 20 kwa sekunde unalisukuma dishi la sm 90 kwa nguvu ya karibu kilo 20. Usipotumia, liache kwenye sifuri. Seti na vikomo vya mashariki na magharibi kwenye risiva, nyuzi chache kabla ya mwisho wa mota.

meno_ya_gia
Na ukifikiria kupanda zaidi ya sm 120, achana na mota za aina hii. Hapo ni jeki (mkono wa umeme unaosukuma dishi) ya volti 36 na kidhibiti chake.