MREJESHO: Alama za zamani za mpaka Tarakea, moja nimeipata

Wakuu, nilikuja kuuliza namna ya kuzipata na kuzipiga picha alama za zamani za mpaka wetu na Kenya upande wa Rombo, ule mstari waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Asanteni sana mliochangia.

Ushauri wa kuanzia kwa mtendaji wa kijiji ndio uliofungua njia. Alinikutanisha na mzee mmoja, akanipeleka moja kwa moja hadi kwenye nguzo, imezungukwa na migomba. Uliyesema niwahi asubuhi, ubarikiwe: jua la pembeni lilitoa herufi ambazo mchana hazisomeki kabisa. Tuliimwagia maji tu, hatukukwangua.

La muhimu kuliko yote: ramani za zamani zinatumia Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo vya mahali. Ukiingiza namba zake za mahali (koordineti) kwenye simu kama zilivyo, unatua karibu mita 300 pembeni. Zibadilishe kwanza ziwe WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS ya simu.

Nguzo ya pili sikuiona, mzee anasema ilishafukiwa. Nyingine iko jirani na forodha, nikakataliwa kupiga picha. Atakayekwenda huko aombe kibali mapema.