Mrejesho: maji kutopanda mtaa wa juu

Wakuu, niliuliza kwa nini mtaa wa chini wanapata maji kila zamu huku wa mlimani tunaambulia hewa, na laini ni moja. Ushauri wa kupima presha ndio uliomaliza ubishi.

Geji moja ilifungwa mwanzo wa laini, nyingine juu kabisa, maji yakiwa yanatembea. Hilo la kutembea ni muhimu: koki zote zikifungwa, valvu iliyobanwa haijionyeshi. Kila mita 10 za mwinuko hula takriban baa 1 (kipimo cha presha), msuguano wa bomba huongeza kidogo. Hapa pengo kati ya geji hizo mbili lilizidi mno kiasi hicho. Valvu ya mgawo wa maji ilikuwa imefunguliwa nusu tu, na spana ya kuizungusha alikuwa anaishika mtu mmoja, bila ratiba ya maandishi. Siasa yote ilikuwa kwenye hiyo spana, chanzo hakina shida.

Sasa ratiba imebandikwa na mizunguko ya valvu inaandikwa kila zamu. Kilichobaki ni wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye laini. Presha ikishuka kupita kiasi, bomba hufyonza maji machafu kupitia nyufa. Pampu ivute kutoka kwenye tangi.